Je, Tanganyika ilikuwa bahari? Kazi ya Max Poll, Mbeleji aliyehesabu samaki wetu

Leo tunaacha kidogo habari za barabara na za usalama. Tunazungumza juu ya samaki, na juu ya mtu mmoja aliyetumia maisha yake yote kuwachunguza, wa mito, wa ziwa na wa bahari.

Tuanze na ndakala. Hakuna soko la kusini mwa Maniema lisilomjua. Wamama wanamuuza kwa fungu na kwa kikombe, na mwenye pesa kidogo anaweza kulisha watoto. Lakini ni wachache wanaojiuliza ndakala ni wa ukoo gani. Jibu linashangaza: ni wa ukoo wa sardini, yule samaki wa mkebe. Na ukoo wa sardini, kwa sehemu kubwa, ni ukoo wa bahari.

Sasa tazama Tanganyika iko wapi. Toka ziwa lile mpaka bahari ya Hindi ni mwendo mrefu sana, na mpaka Atlantiki ni mrefu zaidi. Maji yake yako juu ya usawa wa bahari kwa meta zaidi ya 750. Samaki mdogo wa kidole kimoja amepanda vipi mpaka pale? Wenye elimu walibishana juu ya swali hilo na mengine yanayofanana nalo kwa miaka zaidi ya 100. Mmoja wa waliofanya kazi ndefu kupita wengi katika mambo haya ni Mbeleji aitwaye Max Poll. Tumsimulie, kwa sababu habari yake ni sehemu ya historia yetu, na ndani yake kuna jambo linalotugusa hata leo.

Maji ya ziwa yanapita hapa kwetu

Kwanza tujue mahali petu. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutoa maji: mto Lukuga, unaotoka pale Kalemie na kuelekea magharibi. Lukuga unaingia Lualaba katikati ya Kabalo na Kongolo. Kiisha Lualaba unashuka, unapita kwenye mawe ya Milango ya Jehanamu chini ya Kongolo, unaingia Maniema, unapita upande wa Kasongo na Nyangwe, unaendelea Kindu, Kisangani, Kinshasa, mpaka Atlantiki. Luama nao unapita katika teritware ya Kabambare na kumwaga maji yake katika Lualaba. Kwa hiyo mvuvi wa kwetu akitupa wavu, baadhi ya maji yale yametoka Tanganyika, na yote yako njiani kwenda baharini.

Lugha yetu pia ilisafiri njia ndefu. Kiswahili kilikuja Maniema na watu wa pwani, wafanyabiashara wa pembe na wa watumwa, wakati wa Tippu Tip aliyezaliwa Zanzibar. Walileta mateso makubwa, na wazee wetu hawakuyasahau. Lakini ndani ya lugha waliyoiacha kuna maneno ya bahari: pwani, bahari, papa, pweza. Watu wengi wa Kasongo wanayajua maneno hayo bila kuona maji ya chumvi hata siku moja.

Wazungu wa kwanza waliopita huku hawakuwa na haja na samaki. Livingstone alikaa muda mrefu Bambarre, ndiyo Kabambare, na mwaka wa 1871 alifika Nyangwe, akaona kwa macho yake mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai. Cameron aliona Lukuga mwaka wa 1874, kiisha akafika Nyangwe. Stanley aliondoka Nyangwe mwaka wa 1876 na kutokea Boma mwezi wa Agosti 1877. Swali lao lilikuwa moja: Lualaba unakwenda wapi? Stanley alipofika Boma, jibu likawa wazi kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja. Swali la samaki lilikuja nyuma.

Swali la Moore

Mwaka wa 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona katika Tanganyika mnyama mdogo wa majimaji, mviringo kama mwavuli, anayeonyesha mwanga ndani yake. Ndiye yule ambaye watu wa pwani wanamwita kiwavi wa baharini au konyeza. Wenye elimu wa Ulaya walishangaa, kwani wanyama wa namna hiyo walijulikana hasa baharini.

Kiisha akaja Mwingereza J. E. S. Moore. Alisafiri mara mbili katika eneo la ziwa, mwaka wa 1895 hadi 1896, na tena 1899 hadi 1900. Moore alikusanya konokono wa ziwa. Wengi wao walikuwa na maganda mazito, yenye miiba na mapambo, kama konokono wa baharini. Alipowalinganisha na konokono wa zamani sana waliogeuka mawe, aliona wanafanana. Akaandika kitabu mwaka wa 1903 na kusema hivi: zamani sana bahari ilifika mpaka katikati ya Kongo, ikaondoka, na Tanganyika ni kipande kilichobaki. Kwake yeye, ziwa letu ni bahari iliyosahauliwa, maji yake yakapoteza chumvi polepole.

Ni wazo zuri la kusimulia usiku. Lakini uzuri wa wazo hauthibitishi ukweli wake. Mwaka wa 1904 alitumwa mwingine, W. A. Cunnington, kwenda kuchunguza tena. Yeye alikataa. Konokono, kaa na samaki wa ziwa, alisema, hawatoki baharini moja kwa moja. Wamebadilika humo humo ziwani kwa muda mrefu sana, mpaka wakafanana na wa bahari. Ubishi ukaendelea. Ili uishe, ilitakiwa mtu mwenye subira ya kuhesabu, mtu anayejua samaki wa mto, wa ziwa na wa bahari kwa pamoja.

Samaki ndani ya chupa

Wakati ule elimu ya samaki wa Kongo ilifanyika mbali na Kongo. Mkubwa wake alikuwa George Albert Boulenger, mzaliwa wa Ubelgiji aliyetumika katika jumba la makumbusho la London. Samaki walimfikia ndani ya chupa za pombe kali, wametumwa na maofisa, wamisionari na wasafiri. Yeye ndiye aliyempa jina la elimu mbenga mkubwa wa mto wetu, yule mwenye meno kama misumari, mwaka wa 1898. Mwaka wa 1901 alitoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa bonde la Kongo. Hata kuhe wa Tanganyika amebeba jina lake katika kitabu cha elimu: anaitwa Boulengerochromis.

Kati ya mwaka 1911 na 1913, daktari Mbeleji Louis Stappers alichunguza maziwa ya Tanganyika na Moero. Mikebuka, samaki ambaye kila mtu wa Fizi, Uvira na Kalemie anamjua, aliitwa Lates stappersii kwa heshima yake. Alikuwa na jina, na wavuvi walikuwa wakimla, miaka mingi kabla ya Stappers kuzaliwa. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Chupa nyingi zilikwenda Tervuren, karibu na Bruxelles. Pale mfalme Leopold wa Pili alifanya maonyesho ya Kongo mwaka wa 1897. Walipelekwa Wakongomani 267 ili Wabeleji wawatazame, na saba kati yao walikufa. Kutoka maonyesho yale ilizaliwa makumbusho ya Kongo, na ndani yake ndimo Max Poll alifanya kazi yake. Tunalisema wazi, kwa sababu huwezi kusimulia elimu ile na kuficha nyumba iliyoilea.

Mtu wa kuhesabu mapezi

Max Poll alizaliwa tarehe 21 Julai 1908, Ruisbroek, Ubelgiji. Alikuwa mtu wa makumbusho: kazi yake ilikuwa kupokea samaki, kuwatambua, kuwapanga na kuandika. Tusidharau kazi hiyo. Tueleze inavyofanyika.

Samaki akitoka katika maji, anatiwa dawa inayozuia kuoza, kiisha anahifadhiwa katika pombe kali. Karibu naye kunawekwa karatasi: amepatikana wapi, siku gani, katika kina gani, kwa wavu gani. Bila karatasi ile, samaki hana faida. Halafu mchunguzi anahesabu miiba ya mapezi mmoja mmoja, magamba kwenye mstari wa ubavu, meno, na vijiti vya ndani ya mashavu. Anapima kichwa, jicho, mkia. Analinganisha na samaki wengine mia. Akiona kweli huyu hafanani na yeyote, anaandika maelezo yake na kumpa jina. Samaki mmoja kati ya wale anawekwa kuwa shahidi. Hata baada ya miaka 100, mtu akibisha, anakwenda kumtazama yule shahidi katika chupa yake.

Ni kazi ya macho na ya subira. Poll aliifanya kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka wa 1946, vita kuu ya dunia ikiwa imekwisha, Ubelgiji ulituma kundi la wachunguzi Tanganyika, na Poll alikuwa mmoja wao. Walifanya kazi mpaka mwaka wa 1947. Mwenzake André Capart alipima kina cha ziwa na kuchora ramani yake, iliyotolewa mwaka wa 1949. Leo tunajua kwamba mahali penye kina kupita pote panafika meta 1470. Lakini hewa ambayo samaki wanahitaji inapatikana tu katika meta 100 hadi 200 za juu. Chini ya hapo ni giza na maji yasiyo na uhai wa samaki. Kwa maneno mengine, chakula chote kinachotoka Tanganyika kinatoka katika tabaka jembamba la juu. Anayevua lazima alikumbuke jambo hilo.

Poll alikusanya samaki wa pwani, wa mawe, wa mchanga na wa maji ya kina. Alitoa matokeo katika vitabu vikubwa: mwaka wa 1953 juu ya samaki wasio wa ukoo wa tilapia, mwaka wa 1956 juu ya wale wa ukoo huo. Ukoo wa tilapia ndio wa ajabu katika Tanganyika: una aina kama 250, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kuna wengine wanaotaga mayai ndani ya maganda ya konokono yaliyolala chini ya ziwa. Mmoja wa wale, Lamprologus ornatipinnis, alipewa jina na Poll mwaka wa 1949. Ni samaki mdogo kuliko kidole, nyumba yake ni ganda, na dume anailinda kama mtu anavyolinda mlango wake.

Kutoka ziwani mpaka bahari

Watu wengi wanaomjua Poll wanamjua kwa Tanganyika. Lakini alikuwa pia mtu wa bahari. Mwaka wa 1947 alitoa kitabu juu ya samaki wa bahari ya Ubelgiji, bahari baridi ya kaskazini. Kiisha ikaja kazi ya bahari ya joto. Mwaka wa 1948 na 1949 Wabeleji walituma masua ya utafiti kando ya Afrika, katika Atlantiki ya Kusini, katika eneo la mdomo wa mto Kongo na pwani ya Angola. Samaki waliopatikana walichunguzwa na Poll. Aliwaandika katika vitabu vilivyotoka kati ya mwaka 1951 na 1959: kwanza papa na taa, kiisha samaki wengine wa mifupa.

Wasikilizaji wengine watasema: bahari inatuhusu nini? Inatuhusu. Nchi yetu ina pwani fupi, kilometa kama 40 tu, pale Banana na Moanda, lakini ni yetu. Mchanga wa Lualaba, na udongo unaochukuliwa na mvua katika mashamba ya Kabambare, unasukumwa mpaka pale, kiisha unashuka katika bonde refu lililochimbika chini ya bahari. Na tazama sahani zetu. Makayabu ni samaki wa bahari. Thomson anayefika akiwa ameganda kwa barafu katika miji mingi ya Kongo ni samaki wa bahari. Mtu wa Maniema anakula bahari bila kuiona.

Kwa Poll kazi hii ilikuwa na faida nyingine. Mtu aliyeshika sardini wa Atlantiki mkononi na ndakala wa Tanganyika mkono wa pili anaweza kujibu swali la Moore vizuri kuliko mtu anayejua upande mmoja tu.

Jibu lilivyopatikana

Mwaka wa 1950 Poll aliandika juu ya namna ziwa lilivyopata samaki wake na asili ya aina zao. Hoja yake, kwa maneno ya kwetu, ni hii. Kama Tanganyika ingekuwa kipande cha bahari, samaki wake wangekuwa wa koo za bahari kwa wingi. Sivyo. Wengi ni wa koo za mito ya Afrika: ndugu wa tilapia, ndugu wa kambale, ndugu wa mbenga. Waliingia kutoka mito, wakafungiwa, wakabadilika humo kwa muda mrefu sana. Hata mto Malagarasi, upande wa Tanzania, una samaki ambao ndugu zao wako huku kwetu Kongo. Ni alama kwamba kabla ardhi haijapasuka na ziwa kujaa, mito ya upande ule ilikuwa na uhusiano na bonde letu.

Basi ndakala je? Hapo ilibidi kungoja vyombo vipya, vinavyosoma urithi ulio ndani ya damu na nyama ya kila kiumbe. Mwaka wa 2008 wachunguzi watatu, Wilson, Teugels na Meyer, walitoa matokeo yao. Teugels alikuwa wa makumbusho ile ile ya Tervuren, ingawa alikuwa amekwisha kufariki. Walionyesha kwamba mababu wa ndakala walitoka kweli baharini, lakini si kwa njia aliyoifikiri Moore. Kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, sardini wa bahari waliingia katika maji matamu ya Afrika ya Magharibi. Vizazi vyao vilienea mto kwa mto, katika bonde la Kongo, mpaka wengine wakafika Tanganyika.

Kwa hiyo bahari haikuja Tanganyika. Samaki ndio waliotembea. Ndakala ni mhamiaji: alitoka kwao, akapita mito mingi, akajifunza kuishi katika maji mapya, na leo analisha mamilioni ya watu. Moore aliona kitu cha kweli, yaani kwamba baadhi ya wakaaji wa ziwa wana ndugu baharini, lakini alikosea njia. Cunnington na Poll walikuwa na haki juu ya ziwa. Elimu inakwenda hivyo: mmoja anauliza, wa pili anakataa, wa tatu anahesabu, wa nne anapata chombo kipya.

Poll hakuacha. Mwaka wa 1957 alitoa kitabu cha kutambulisha jinsi za samaki wa maji matamu wa Afrika yote. Mwaka wa 1976 aliandika juu ya samaki wa Upemba, kule juu Lualaba unakotokea. Mwaka wa 1986, karibu na miaka 80, alipanga upya ukoo wote wa tilapia wa Tanganyika katika makundi 12, na wachunguzi wa leo bado wanaanzia hapo. Alifariki tarehe 13 Machi 1991. Samaki wadogo wa Kongo wanaotoa umeme kidogo, Pollimyrus, walipewa jina hilo mwaka wa 1971 kwa heshima yake.

Jina la nani linabaki?

Sasa tufike kwenye jambo linalouma. Katika vitabu vya elimu, nyuma ya jina la kila samaki linaandikwa jina la aliyemwandika mara ya kwanza, na mwaka. Boulenger, 1898. Poll, 1949. Ni sheria ya dunia nzima na ina faida yake. Lakini nani alimshika samaki yule? Nani alijua analala wapi usiku, anataga mwezi gani, anafuata mwanga wa taa au anaukimbia? Ni mvuvi wa Uvira, wa Baraka, wa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Alipiga kasia na kuvuta wavu. Jina lake halikuandikwa nyuma ya samaki.

Haikuwa lazima iwe hivyo kila mahali. Katika visiwa vya Komoro, mwezi wa Desemba 1952, mvuvi mmoja wa Anjouan, Ahamadi Abdallah, alivua samaki mkubwa ambaye watu wa kule wanamwita gombessa. Mwalimu Affane Mohamed alimtambua sokoni, kwa sababu alikuwa ameona karatasi zilizosambazwa na mchunguzi wa Afrika Kusini, J. L. B. Smith. Smith alikuwa akimtafuta samaki wa namna ile tangu mwaka wa 1938, alipopatikana wa kwanza. Ni samaki wa ukoo wa zamani sana, uliodhaniwa umekwisha duniani. Smith alipata sifa, ndiyo, lakini jina la mvuvi na jina la mwalimu yanasimuliwa mpaka leo. Wavuvi wa Komoro walimjua gombessa siku zote. Dunia ndiyo iliyokuwa haijui.

Tofauti imetoka wapi? Karatasi ya Smith ilifika mpaka sokoni, ikamfikia mwalimu anayejua kusoma na anayejua watu wake. Habari ilikwenda pande mbili. Huku kwetu, wakati wa ukoloni, samaki walikwenda Ulaya na vitabu vilibaki Ulaya, kwa Kifaransa na Kiingereza. Mvuvi hakurudishiwa hata ukurasa mmoja.

Tusiwe na haraka ya kutupa kila kitu, lakini. Zile chupa za Tervuren ni ushahidi. Zinaonyesha ni samaki gani walikuwa mahali gani mwaka wa 1947. Bila hesabu ya jana, huwezi kujua leo umepoteza nini. Mwaka wa 2003 wachunguzi walionyesha kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto, na joto linazuia chakula cha chini kupanda juu, kwa hiyo samaki wanapungua. Mwaka ule ule, tarehe 12 Juni, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kulinda ziwa. Mwaka wa 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Maamuzi kama hayo yanahitaji hesabu, na hesabu za zamani ni pamoja na zile za Poll. Na upande wetu kuna Kituo cha Utafiti wa Maji cha Uvira, ambako Wakongomani wenyewe wanaendelea na kazi, katika mazingira magumu ya vita na ya ukosefu wa vyombo.

Elimu iliyokimbia pamoja na watu

Katika vita, watu wanahesabu nyumba zilizochomwa, mbuzi walioibiwa, mashamba yaliyoachwa. Hakuna anayehesabu elimu iliyopotea. Lakini mvuvi anayekimbia ziwa, au anayekimbia kijiji cha kando ya Luama, anakimbia na elimu yake kichwani. Anajua samaki kwa majina, kwa lugha ya nyumbani kwake. Anajua mahali pa kuzalia, ambapo wazee walikataza wavu katika miezi fulani. Akikaa mbali na maji miaka mitano, kumi, mtoto wake anakua bila kuyajua. Mtoto yule anaona samaki wawili tu: ndakala mkavu na makayabu. Majina mengine yanakufa bila mtu kuyazika.

Upande wa maji pia kuna hasara. Watu wanapojaa mahali pamoja kwa sababu ya ukosefu wa usalama, mto wa karibu unavuliwa kupita nguvu yake. Wengine wanatumia vyandarua vya mbu, vinavyokamata hata vifaranga vya samaki. Wengine wanamwaga sumu. Njaa inaeleweka. Lakini sumu inaua mayai, inaua wadudu ambao samaki wanakula, na inadhuru watu wanaochota maji chini ya mto. Mto uliotiwa sumu leo hautalisha kambi mwaka kesho.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji pesa.

La kwanza: kila familia yenye mzee aliyevua, mumwulize majina ya samaki. Andikeni katika daftari la mtoto wa shule: jina kwa lugha yenu, jina kwa Kiswahili kama lipo, umbo, mahali anapokaa, wakati anapotaga. Kibembe, Kibangubangu, Kikusu, Kizimba, Kizula, kila lugha ina majina yake. Fanyeni kama walivyofanya makumbusho: andikeni pia mto gani na mwaka gani.

La pili: walimu wa masomo ya viumbe, acheni watoto walete samaki wa mto wa karibu darasani, wahesabu miiba ya mapezi, wachore. Mtoto wa Kabambare anaweza kufanya kazi ile ile aliyofanya Poll. Vyombo vya mwanzo ni macho, kalamu na subira.

La tatu: viongozi wa vijiji vya kando ya Lualaba na Luama, rudisheni makatazo ya wazee juu ya mahali pa kuzalia na juu ya sumu. Wale wageni waliokimbia vita waelezwe makatazo hayo kwa heshima, si kwa kuwafukuza, kwani wengi wao ni wavuvi na wana ya kuwafundisha wenyeji.

Madaftari yakiandikwa, tuko tayari kuyasoma redioni, jina kwa jina, na kutaja mzee aliyetoa habari kama anakubali. Hivyo siku mchunguzi mwingine akifika, awe Mkongomani au mgeni, atakuta samaki wa Lualaba wana vitabu vyao hapa hapa, na majina ya watu waliowajua wa kwanza yameandikwa ndani.